Mkono Uliofunga Kizibo

Esta wa Nyankunde alinipigia simu nikiwa nachambua majani ya sombe, akaniambia baba yake, Papa Anzelimi, ametutoka alfajiri. Kabla sijamaliza kusema pole akaongeza: "Mama Josefina, bunduki iko inakungojea." Mtu hajazikwa bado, na mimi tayari nimepewa kazi. Nina miaka sitini na mbili. Magoti yangu yanalia nikisimama na yanalia nikikaa, na kutoka Bunia mpaka Nyankunde ni pikipiki, vumbi, na vizuizi ambavyo kila kimoja kina mtu wa kuuliza ndani ya mfuko muko nini. Ndani ya mfuko muko kle moja ya chuma, yaani spana, kopo la mafuta ya ng'ombe yaliyochanganywa na nta, na kitambaa cheupe. Nimweleze askari kwamba hivyo ni vitu vya matanga? Niliweka sombe chini, nikatukana kidogo kwa sauti ndogo, nikaanza kutafuta kle.

Bunduki yenyewe ni ya kizamani, ile inayojazwa baruti kwa mdomo na kushindiliwa kwa ufito. Nyuma, karibu kabisa na uso wa mwenye kupiga, mtutu umezibwa na kizibo cha chuma chenye meno, kinachoingia kwa kuzungushwa. Kizibo hicho ndicho kilichonifunga mimi kwa familia ile. Kwao kuna sheria: mkono uliofunga kizibo ndio utakaokifungua, mkono mwingine usiguse. Mkono ule ni wangu. Nilikifunga nikiwa na miaka ishirini na mbili, na tangu pale, miaka arobaini, kila mara bunduki ikipigwa, mimi nifungue, nisafishe, nipake mafuta, nifunge. Nimeolewa, nimezaa, nimezika mume, na Anzelimi anakuja tu. Hata ile miaka mibaya ambayo siisemi hapa, bunduki ikiwa imezikwa chini ya jiko lao, alinitumia habari kwa mtu wa maziwa: Fundi asisahau kwamba kile kitu kinamungojea. Nani angesahau?

Ya kwetu nyumbani siyasemi, hayahusu. Mwaka ninaousema ulianza nilipoingia atelye, karakana ya Muzee Kasiano pale Nyakasanza, na diploma yangu ya mekanike ndani ya bahasha, nikifikiri nimeshajua chuma. Ilikuwa chumba kimoja kirefu chini ya mabati, kiangazi kinaungua, mvua ikinyesha hamsikilizani. Kulikuwa na mashini ya kuchonga vyuma ambayo Kasiano alisema ilitoka machimbo ya dhahabu ya Kilo, nzito hata wezi walikuwa wanaihurumia. Kulikuwa na eto mbili za kubania kazi, moja yake, moja yangu, na rafu moja ya makopo ambayo hakuna mtu aliyejua yote yana nini isipokuwa yeye. Nyuma ya ukuta wa mbao ndiyo jiko la bibi yake wa ndoa, Mama Regina. Mbao zilikuwa zimeachana, kwa hiyo sisi tulisikia maharagi yanachemka na yeye alisikia kila neno la wateja, na akiona neno limekosa jibu, alilijibu kutoka kule. Saa sita tulikula pamoja, bugali ya mihogo na sombe, siku nyingine makayabo, samaki wa chumvi, mikono imesuguliwa kwa sabuni na unga wa msumeno na bado inanuka mafuta ya mashini. Mpaka leo bugali isiyonuka mashini naiona kama haikuiva.

Kasiano alikuwa polepole. Sijui niseme vipi mtu anielewe. Mtu wa moulin anangoja, kinu chake kimesimama, watu wana mihogo ya kusaga, na yeye anageuza kipande cha chuma kwenye mwanga, anakigeuza tena, anaomba chai. Na kwa kila kitu methali ni moja: usipoziba ufa utajenga ukuta. Bomba likitoboka, usipoziba ufa. Suruali ikipasuka, usipoziba ufa. Mama Regina aliwahi kumwambia kupitia mbao kwamba paa la jiko lake lina ufa tangu waoane, na upande wetu Kasiano akaomba chai.

Papa Anzelimi aliingia mwanzo wa kiangazi. Mtu mrefu, mfugaji, amevaa kofia ya nyasi, bunduki imefungwa ndani ya kitenge cha bibi yake na karatasi ya ruhusa imekunjwa ndani ya plastiki. Alikuwa anafukuza nguruwe wa pori kwenye mihogo yake. "Nyundo yake imelegea," alisema. "Mutengeneze nyundo. Kitu ingine musiguse." Kasiano hakuangalia nyundo. Aliangalia uso wa mtu. Nyusi ya kuume haikuwapo, na chini ya jicho kulikuwa na nukta nyeusi zilizoingia ndani ya ngozi. Alipitisha kidole nyuma ya mtutu, pale kizibo kinapokutana na chuma, kidole kikatoka cheusi.

"Hapa iko inavuya," alisema.

"Haivuye. Iko inapumua."

"Nani iko anapumua?"

"Baba."

Nilicheka. Nyuma ya mbao Mama Regina naye alicheka. Kasiano hakucheka, alimsogezea mgeni bidon tupu ya mafuta akalie, na Anzelimi akaeleza bila haya yoyote. Baba yake ndiye aliyefunga kizibo mara ya mwisho, kisha akafa. Mkono uliofunga umezikwa, basi nani atafungua? Hakuna aliyefungua kwa miaka kumi na minne. Walikuwa wanaosha mtutu kwa mdomo tu, wanamwaga maji, wanatikisa, wanamwaga. Mimi mwenye diploma nilielewa mara moja: masizi ya baruti na maji vilibaki kule chini kwenye meno ya kizibo, kutu ikala, na siku moja moto wa baruti ukapata njia. Kila risasi ikaipanua njia ile kidogo. Mwishowe, baada ya mlio, nyuma kukawa kunatoka sauti, fsss, ndefu. Na baba yao alikuwa mtu wa kifua, miaka yake ya mwisho alipumua vile vile. Familia ikasikia, ikaelewa kwa namna yake. Kwao matanga hufungwa kwa mlio mmoja wa bunduki. Tangu siku ile wakawa wanasikiliza nyuma: ikipumua, marehemu amekubali kwenda, watu wanakunja mikeka na kurudi makwao. Ubovu wa chuma wameufanya kuwa jibu.

Kasiano alimaliza chai yake. Kisha akauliza, "Baba yako alikupenda?"

"Sana."

"Basi juu ya nini iko anakuchoma uso?"

Anzelimi aligusa zile nukta nyeusi chini ya jicho. Alikaa kwenye ile bidon mpaka saa ya kula, akala na sisi, akasema sombe ya Mama Regina ina chumvi kidogo, akapata jibu lake kupitia mbao. Jioni alisema bunduki ibaki, lakini mkono utakaofunga uchaguliwe leo, ajue atamtafuta nani. Kasiano aliangalia mikono yake mwenyewe. "Hii imezeeka, itatangulia. Josefina atafunga." Mimi hakuna aliyeniuliza. Nilikuwa nimeshika fagio wakati maisha yangu yanagawiwa.

Kukitoa kile kizibo cha zamani tulitumia siku tatu, mafuta, moto, mafuta tena, mpaka kikazunguka kwa kulia. Meno yake yalikuwa nusu, mengine yamebaki kama alama tu. Kasiano alikitia kwenye kopo rafuni, wateja wenye kichwa ngumu waonyeshwe. Tukatengeneza kipya. Kukichonga ilikuwa siku moja, kukikutanisha na mtutu ilikuwa majuma mawili, na hapo ndipo nilijifunza hasira ni nini. Alinifanya nipake uso wa kizibo masizi ya taa, nikizungushe mpaka mwisho, nikitoe, nione. Masizi yakiguswa duara nzima, chuma kimekutana na chuma. Yakiguswa nusu, kuna njia. "Ona, hapa imekatika," anasema. Nasugua kwa tupa kidogo, kidogo kabisa, napaka masizi, nazungusha, natoa. "Hapa tena." Vidole vyangu vikawa vyeusi mpaka kanisani. Nilimwambia, Muzee, meno yanashika vizuri, hata pumzi haitoki hapa. Akasema, "Meno haizibe, mama. Meno inashika tu. Kinachoziba ni uso kukutana na uso." Nilidhani ananichosha kwa makusudi. Labda ilikuwa hivyo pia.

Tulipoijaribu, tuliifunga kwenye matairi nyuma ya choo, kitambaa cheupe kimezungushwa pale kizibo kinapoingia, tukavuta kamba tukiwa nyuma ya ukuta. Kitambaa kikatoka cheupe. Kasiano alikikunja akampa Anzelimi akiwa ameshikilia kwa mikono miwili, na akamwambia masharti: ikipigwa, siku ile ile au kesho yake kizibo kitoke, kioshwe kwa maji ya moto na sabuni, kikaushwe, kipakwe mafuta na nta, kirudi, na kisikazwe kwa nguvu za hasira. Anzelimi akauliza, na mkono uliofunga uko Bunia? "Basi utatembea," akasema Kasiano. Hivyo ndivyo walivyopatana, wazee wawili, juu ya kichwa changu.

Mvua zilipoanza, mama yake Anzelimi akafa. Alikuwa mwanamke mkubwa, aliyezaa kijiji kizima, na matanga yalikuwa na watu waliotoka mpaka Boga. Siku ya kufunga, Anzelimi akapiga bunduki. Ikalia vizuri, kavu, na nyuma kimya. Wakangoja. Akapiga mara ya pili, jambo ambalo kwao halifanyiki. Kimya. Wazee wakaangaliana, kisha mmoja akarudi kukaa kwenye mkeka wake, na wengine wakakaa. Marehemu amekataa kwenda, basi na sisi tutaendaje?

Tulijua yote hayo kwa sababu Anzelimi alikuja kutueleza, na kisha hakuondoka. Alikuja Bunia na bunduki yake, akalala kwa ndugu, na kila asubuhi tulimkuta mlangoni kwenye ile bidon. "Muzee Kasiano, rudisha pumzi." Kasiano akajibu, "Mimi siuze tundu." Nilimsafishia kizibo kama masharti yalivyosema, nikafunga. Kesho yake yuko pale. Wageni wamekula ng'ombe wawili. Wageni wameanza mihogo isiyokomaa. Bibi yake analala jikoni na watoto. Alisema hayo kwa sauti moja, bila kupanda wala kushuka, mimi nachonga na meno yangu yanasagana. Mama Regina alimpa bugali na kumnung'unikia: "Mutu akikufa amekufa, angojee ruhusa ya bunduki?" Anzelimi akala, akanawa, akarudi kwenye bidon. Alisema mama yake alikuwa anamfichia kipande cha fromaji, jibini ya kwao, ndani ya chungu, kila Jumamosi, hata alipokuwa ameshaoa, na Jumamosi iliyopita alijikuta amefunua chungu. "Siwezi kuishi ndani ya nyumba ambayo mama yangu bado iko anasimama mulangoni."

Siku ya tano, Kasiano aliitwa Kilo. Ekseli ya mashini ya kusaga mawe ilikuwa imekatika, wachimbaji hawakufanya kazi. Alisema siku mbili, akaniachia atelye. Mama Regina alikwenda sokoni. Anzelimi akaingia, na safari hii hakukaa.

"Fundi," alisema. Hakuwahi kuniita hivyo, na katika Bunia nzima hakuna aliyewahi kuniita hivyo. "Mukono ni wako. Kasiano hawezi kukataza mukono uliofunga."

"Papa Anzelimi, kile kizibo cha zamani kimekufa."

"Mara moja tu."

"Kitakuumiza."

"Mara moja, mutoto yangu. Mama aende. Kisha nitakurudishia, utafunga kipya, na sitasema tena."

Nataka niseme hapa bila kuzungukazunguka, kwa sababu watu wa umri wangu tunapenda kusema tulikuwa watoto, hatukujua. Nilijua. Nilikuwa nimekiona kwenye mwanga, nilikuwa nimehesabu meno yaliyobaki, nilijua moto wa baruti utapita wapi na uso utakuwa wapi. Lakini nilikuwa nimechoka naye. Nilikuwa nimechoka na ile sauti moja, na bidon, na ng'ombe wawili, na Kasiano na masizi yake, na nilitaka mtu huyu aondoke mlangoni. Na ameniita Fundi. Nilishusha kopo, nikafungua kizibo kizuri, nikaingiza kile kibovu. Kiliingia kwa vidole, hakikuhitaji hata kle. "Uishike kiunoni," nikamwambia. "Mbali na uso." "Kiunoni," akasema. Aliikunja bunduki ndani ya kitenge, akanipa mkono kwa heshima, akaenda. Mimi nilirudi kwenye kazi ya mtu wa moulin, na nakumbuka nilikuwa na furaha kwa kimya kile.

Hakuishika kiunoni. Mtu amezoea miaka ishirini kuweka shavu kwenye mbao, unafikiri siku ya mama yake atapiga kutoka kiunoni, mbele ya wazee? Habari ilifika na mtu wa maziwa, na Kasiano alikuwa amerudi asubuhi ile ile, bado ana tope la Kilo kwenye viatu. Alisikiliza. Aliangalia rafu, akaona kopo liko chini. Alisema tu, "Regina, pika kitu cha kupeleka."

Tulipanda lori la mihogo mpaka hospitali ya misioni. Chumba alicholazwa Anzelimi kilikuwa na vitanda vinane na dirisha moja kwenye baraza, na mimi nilibaki baraza na sufuria imefungwa kwa kitambaa. Kwa hiyo nilisikia. Dada yake, Apolina, mwanamke wa sauti kali, alikuwa anamuuliza nani amerudisha kizibo cha zamani. Ni watu wa Bunia? Tuwaendee? Na Anzelimi, kichwa kizima ndani ya bandeji, akajibu: "Ni miye. Nilichukua kle, nikarudisha miye peke yangu. Musisumbue batu ya Bunia." Kisha Apolina, taratibu: "Lakini ilipumua?"

"Ilipumua. Mama alienda."

Jicho la kuume lilikuwa limekwisha. Mtu analala pale na jicho moja, na dada yake anauliza kama ilipumua, na yeye anajibu kwa kuridhika. Nilitaka kuingia niwapige wote wawili kwa sufuria. Nilitaka pia kulia, na sikufanya lolote. Kasiano alikuwa amesimama karibu na mimi, na alikuwa amesikia yote, hata uongo ule. Niligeuka nimwangalie anitukane. Aliangalia mkono wangu wa kuume, kisha akasema, "Peleka chakula, kitapoa." Niliingia, nikasema pole kama mgeni yeyote, nikapakua. Sikusema. Nilisubiri niulizwe, na hakuna aliyeuliza.

Kasiano hakunigombeza siku ile wala siku nyingine, na mimi sijamsamehe kwa hilo. Angenifukuza, ningelia juma moja, ningepata kazi kwingine, ingeisha. Badala yake alikiondoa kile kizibo kibovu, akakiweka kwenye meza mbele ya eto yangu, karibu na tupa zangu, na kila asubuhi kilikuwa pale, na hakukisema. Nikakirudisha kile kizuri. Nilipaka masizi mara ngapi sijui, mpaka yeye mwenyewe akasema, inatosha, mama, duara imeshajaa. Nikaendelea mara tatu zaidi.

Na Anzelimi akaja. Baada ya mavuno, na nguruwe walikuwa wamekula risasi mbili, akaja na kitenge chake, akakaa kwenye bidon ile ile, akanitazama kwa jicho moja nikichemsha maji. "Fundi, uko unakaza sana." Mwaka uliofuata: "Fundi, mafuta ni mingi." Kasiano alikufa, Mama Regina akaenda kwa mtoto wake, atelye ikawa yangu, kisha nikaiuza, na yeye akahamia kwangu nyumbani na bunduki yake, akikaa kwenye kiti kizuri cha sebule kwa upande, kama bado ni bidon. Bunduki ilipofukuliwa chini ya jiko lao, baada ya ile miaka mibaya, mbao zilikuwa zimeliwa na mchwa, lakini kizibo kilitoka kwa vidole viwili, na ndani meno yalikuwa yanang'aa na mafuta. Alifurahi kama mtu aliyezaa. Miaka arobaini hatukusema hata neno moja juu ya jicho. Mara nyingi nilifungua mdomo, na yeye akasema, maji imechemka.

Basi nilifika Nyankunde siku ya tatu ya matanga, kiuno kimekufa kwa pikipiki. Wamefanya kila kitu kwa utaratibu, barua kwa chifu, barua kwa askari yenye kashe, muhuri wa ofisi, kwamba saa kumi kutakuwa na mlio mmoja wa matanga na watu wasikimbie. Esta ndiye mtoto mkubwa, ana miaka arobaini na saba, mwalimu, macho ni ya baba yake, yote mawili. Yeye ndiye atakayepiga. Niliposikia hivyo nilidai bunduki kabla ya kudai maji ya kunywa. Tulikaa yeye na mimi ndani ya chumba cha Anzelimi, kitanda kimeshaondolewa, kofia ya nyasi bado iko msumarini. Nikafungua. Nikapaka masizi ya mshumaa, nikazungusha, nikatoa, nikapeleka dirishani. Duara nzima. Kizibo cha Kasiano, miaka arobaini, na duara nzima. Nilipaka tena nione kama macho yangu yananidanganya. Nikapaka mara ya tatu. Esta alikuwa ananitazama tu, na sijui ni uvumilivu wake au ni ile kofia, mdomo ukafunguka wenyewe.

"Esta. Ile mwaka ya jicho. Baba yako hakurudisha kizibo yeye mwenyewe. Ni mimi."

"Tunajua, Mama."

"Munajua nini?"

"Papa alituambia. Zamani sana, siye bado batoto."

"Nani wote wanajua?"

Akaanza kuhesabu kwa vidole, akaacha. "Batu yote ya hapa. Hata Shangazi Apolina."

Miaka arobaini. Nimebeba kitu hicho kwenye harusi yangu, kwenye uzazi mara nne, nimekaa na watu hawa nikila bugali yao na macho chini, na wote walikuwa wanajua na wananipa kipande kikubwa cha nyama. Nilimuuliza, kwa sauti ambayo si ya kwenye matanga, basi sababu gani aliendelea kuniletea mimi bunduki yake? Esta akasema waliwahi kumuuliza baba yao hivyo hivyo. Alijibu: "Mutu mwengine atafunga tu. Josefina atafunga na woga." Nilitoka nje nikasimama karibu na zizi mpaka hasira ikapungua, na haikuwa hasira peke yake.

Saa kumi nilimshikisha Esta bunduki kiunoni, nikamwambia shavu likikaribia mbao nitampiga kofi mbele ya wanafunzi wake. Nilizungusha kitambaa cheupe pale nyuma, nikafunga fundo. Akapiga. Mlio ukaenda mpaka milimani ukarudi, ng'ombe wakainua vichwa, kisha kimya. Watu walikuwa wameinamisha masikio, wazee kwa vijana, kama desturi. Apolina, ambaye sasa haoni tena, alikuwa kwenye mkeka wa mbele. Akauliza, "Imepumua?"

Mzee mmoja akarudi kukaa kwenye mkeka wake. Nikajua kinachokuja: hawa watu watakaa. Watakula ng'ombe, watakula mihogo, watanifuata Bunia.

"Shangazi," Esta akasema, "Papa alisema kwa matanga yake musisikilize nyuma. Alisema muangalie kitambaa." Akafungua lile fundo langu polepole, akakinyoosha mbele ya watu, kisha akakiweka ndani ya mikono ya Apolina. Yule mzee akakipapasa pande zote, akakipeleka puani, akanusa.

"Kiko nyeupe?"

"Nyeupe, Shangazi. Yote."

Apolina alikikunja juu ya magoti yake, mara mbili, akakaa nacho kidogo. "Basi ameenda bila kuchoma mutu," akasema, na akanyoosha mkono ainuliwe. Nyuma yake watu wakaanza kusimama na kukunja mikeka.

Nilimwambia Esta alete maji ya moto na sabuni kabla masizi hayajakauka. Nikafungua kwa mkono wangu, kama sheria inavyotaka, nikaosha, nikakausha, nikapaka mafuta na nta. Kisha nikampa kle. Aliishika bila kujua aanzie wapi, akaniangalia.

"Funga weye," nikamwambia. "Na usikaze sana."